Ng'ombe Aliyeachiwa Kuzeeka

Wanangu, najua mnanicheka. Kila asubuhi mnaniona nikizunguka nje ya uwanja wa Gombani na fimbo yangu, baibui nimelipandisha lisishike umande, miguuni raba alizoninunulia mjukuu, na mnaulizana Bi Mize kasajiliwa timu gani. Chekeni tu, kicheko hakinipunguzii mwendo. Wengine wanasema sukari imenipanda, wengine wanasema daktari kanitisha. Juzi jirani yangu alinisimamisha njiani akaniombea dua nipone. Nikaitikia amina, maana dua haikataliwi, lakini siumwi. Natembea kwa sababu ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe mnamjua. Ni yule mwekundu aliyefungwa nyuma ya nyumba yangu, ambaye kila apitaye humtazama kwa jicho la mchuzi.

Mliponijia juma lililopita, nyinyi vijana mliopangiwa kazi ya mifugo, mlitaka niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Nadhani mlitaka habari za chanjo na majosho. Hayo mtayasoma. Mimi nitawaambia habari ya uzee, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya kushika mikia na kufungua midomo ya wanyama, hilo ndilo somo lililonichelewa kuliko yote, na walionifunza ni mzee mmoja wa Kiuyu, kule kaskazini ya kisiwa chetu, na dume lake.

Lakini nianze na aibu yangu ya kwanza, ili msije mkadhani nilizaliwa nayajua haya. Nilikuwa msichana wa mjini Chake. Ng'ombe nilimjua sahanini na katika kikombe cha maziwa. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Shaame, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa akizungumza na mbuzi kwa heshima kuliko alivyozungumza na sisi. Juma langu la kwanza akanituma nikamtazame dume la jirani kama lina kasoro. Nikarudi mbio.

"Mzee Shaame, maskini ng'ombe yule! Meno ya mbele ya juu yametoka yote!"

Alikuwa anakunywa kahawa. Akakiweka kikombe chini taratibu. "Yote?"

"Yote, halikusalia hata moja."

"Lahaula. Hebu kamtazame na mamaye."

Nikaenda. Mama naye vile vile. Nikamtazama wa nyumba ya pili, na wa nyumba ya tatu, huruma imenijaa kifuani, nikifikiri ni maradhi gani haya yaliyoingia mtaani, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akitwanga akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe hakuumbiwa meno ya mbele juu. Kwani weye kwenu mwala maandazi tu?" Niliporudi, Mzee Shaame alikuwa kashawaita na wenzake kunipokea. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu, jina langu ofisini lilikuwa Bi Meno.

Basi kwa kuwa mimi nililipia kwa jina hilo, na nyinyi mlipate somo lake. Ng'ombe ana meno manane mbele, chini tu. Juu ana ufizi mgumu. Ndama huanza na meno ya utotoni, madogo na meupe. Akikaribia miaka miwili, jozi ya katikati hung'oka na kuota mapana, kisha jozi inayofuata, na inayofuata, hata akifika miaka mitano hivi kinywa kimejaa. Baada ya hapo haliji jipya. Ni kulika tu, maana nyasi zetu zina mchanga, na mchanga ni tupa. Meno yanakuwa mafupi, yanaachana, yanatikisika, mwisho mapengo. Mkitaka kuyaona, simameni ubavuni, si mbele. Pitisheni mkono pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, shikeni ulimi mwutoe kando, naye mwenyewe atafungua. Vidole msivipeleke nyuma kwenye magego, isipokuwa kama mna vya akiba.

Mzee Shaame alikuwa akisema meno hayadanganyi, adanganyaye ni mwenye ng'ombe. Kweli kabisa. Nimeuziwa maneno na watu wazima wenye ndevu, wakiapa kwamba dume lao ni kijana, na dume lenyewe limebakiwa na vigutu viwili kinywani.

Sasa nije kwa Mzee Faki. Alikuwa mkulima wa Kiuyu, wa muhogo na mikarafuu michache, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Dume lake likiitwa Kishindo, na lilikuwa dume la kuchezwa. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi labda mchezo wa ng'ombe mmeuona humo tu. Dume hufungwa kamba ndefu, zumari inalia, wanawake wanaimba, na wanaume wanaojiona mashujaa wanamchokoza kwa nguo. Ng'ombe hauawi. Anayetoka na aibu ni mtu. Kishindo katika ujana wake aliwatia watu aibu nyingi, na mmoja wao ni mkubwa wangu. Tulikwenda kumtibu kidonda cha kamba, kamba ikakatika, na Mzee Shaame nikamwona juu ya mpera sijui kapandaje. Alikaa huko mpaka karibu na sala ya alasiri, akinitolea amri kutoka matawini: "Mize, mpime joto! Mize, usiogope, ni mpole huyo!"

Mzee Faki alilipenda dume lile kwa sababu ambayo haikuhusu mchezo. Mama yake Kishindo alikufa kwa kuzaa, na aliyemlea ndama ni Bi Time, mke wa Mzee Faki, kwa maziwa ya kuombaomba na chupa yenye kitambaa mdomoni. Kishindo akawa anamfuata Bi Time hata kisimani. Bi Time alipofariki, watoto walikuwa wakubwa na nyumba zao, na Mzee Faki akabaki na dume. Asubuhi aliamka kwa ajili yake. Akimkatia majani alikuwa akimsimulia habari za nyumbani, na mimi nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Leo ingekuwa siku yake ya kupika mkate wa mofa." Sikucheka. Nilijitia kufunga mkoba.

Siku moja Kishindo akiwa kashaacha kuchezwa, mzee akaniuliza, "Mize mwanangu, ng'ombe aishi miaka mingapi?"

"Sijui, Mzee."

"Weye daktari wa ng'ombe, hujui?"

"Sijui kwa sababu sijapata kumwona aliyefika mwisho."

Na hilo nataka mlifikirie, wanangu. Hapa kwetu ng'ombe hafi kwa uzee. Akianza kuchechemea, kisu kinanolewa. Akikataa majani asubuhi, kabla ya adhuhuri keshaitwa mchinjaji, maana akijifia mwenyewe ni nyamafu, haliwi, na nani atakubali? Nilikuwa nimeona ng'ombe wa kila hali, lakini mzee aliyeachiwa mpaka mwisho, hata mmoja. Vitabu vina hesabu zao za huko kwingine. Mimi kwa macho yangu sikuwa na jibu.

Mzee Faki akachuchumaa karibu yangu. "Kishindo nataka afe kwa ajali yake, siku aliyoandikiwa. Si kwa kisu. Lakini sikiliza. Miye n'kifa mwanzo, watoto watanifanyia hitima. Hitima ya mtu mzima yataka ng'ombe. Ng'ombe yuko bandani. Waona?"

Nikaona.

"Basi sina budi nimzidi umri. N'ambie kwa elimu yako, baina yangu miye na yeye, nani ana safari ndefu?"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Kisha nikamtazama, yeye hacheki. Macho yalikuwa yamemlowa. Nikaona haya, nikamwambia nitafikiri.

Watoto wake hawakuwa wabaya, msiwafikirie vibaya. Mkubwa wao, Hamad, alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, na alimtunza babake vizuri. Walikuwa wamekubaliana na mzee jambo moja: dume haliguswi, ila siku Bi Mize akisema linakufa, litachinjwa, kwani nyama ya kulisha majirani haitupwi shimoni. Kwa hiyo neno lilikuwa langu. Mzee Faki akataka nimuahidi kunyamaza siku hiyo ikifika. Nikamwambia, "Mzee, nitanyamaza madhali hateseki. Siku akiteseka nitasema, na wewe utanyamaza." Akakubali, ila alinuna mpaka nilipomaliza chai.

Ndipo ilipoanza kazi ya mtu mzima kutafuta umri. Mzee Faki akaacha sukari. Akaanza habasoda na asali alfajiri, ndimu mchana, na mwendo wa miguu jioni nyuma ya Kishindo, wote wawili wanachechemea mguu mmoja. Akapatana na jirani waliyegombea naye mpaka wa shamba tangu sijaajiriwa. Jirani akashtuka, akadhani mzee anaaga dunia. "Siagi," akamwambia. "Hasira zakata umri, na miye sina wa kukata." Imamu alipomkumbusha kwamba umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, akajibu kwa adabu, "Naam, Shehe. Kaniandikia Yeye, miye nautunza tu usichafuke."

Mjukuu wake akamwonyesha kwenye simu tajiri mmoja wa nchi za mbali, anayemeza vidonge lukuki na kulala kwa saa ili asife. Mzee Faki akamtazama kwa makini.

"Yuna ng'ombe?"

"Sidhani, babu."

"Basi ataka kuishi kwa ajili ya nani?"

Mimi na mzee tulikuwa tukizungumza sana mambo haya chini ya miti ya makaburini, ambako popo walikuwa wakining'inia mchana kutwa kama nguo zilizosahauliwa kamba. Nikamwambia, tazama popo, halafu mfikirie panya buku. Kwa uzito hawaachani mno. Panya buku akipata miaka michache keshazeeka, popo huweza kuishi mara nyingi zaidi. Akauliza kwa nini, nikamweleza nilivyofundishwa. Mwili una mafundi wake ndani, wanaoziba na kushona kila siku, na mafundi hao wanakula. Panya analiwa mapema na paka, nyoka na mwewe, basi mwili wake haukuona maana ya kulisha mafundi wa kazi ya miaka mingi. Chakula chote unakitia katika kuzaa upesi na kuzaa wengi. Popo anaruka, analala juu, maadui wake wachache. Yeye huzaa mtoto mmoja mmoja, na chakula kinachosalia kinakwenda kwa mafundi.

"Kumbe uzee si kuchakaa kama jembe," akasema.

"Jembe halijishoni, Mzee. Sisi tunajishona. Ila mafundi wenyewe nao wanachoka, mkono unaanza kukosea, na makosa yanarundikana."

"Na hili je? Kishindo n'mzee, lakini mwaka jana kampanda ng'ombe wa Hamad, na ndama kazaliwa mpya. Mpya kabisa! Mbona hakuzaliwa na uzee wa babaye?"

Wanangu, nilikwenda na swali lile nyumbani, likanikosesha usingizi. Kweli, mbegu imetoka katika mwili wenye magoti mabovu na kinywa cha mapengo, na kile kilichotoka humo kinaanza upya, kinaruka uwanjani. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wakubwa wanalihangaikia swali hilo hilo, vipi mwili unaosha vumbi lake lote pale unapoanza kiumbe kipya, na kwa nini haujioshi wenyewe. Hawajamaliza. Na mzee wa Kiuyu aliuliza kwa kuwa alimtazama ndama.

Sasa kosa ambalo nawaomba msilifanye. Siku moja nikaitwa mbio. Kishindo kalala, hainuki, hacheui, shingo kainyoosha. Nilipofika, kijiji kizima kiko uani, mchinjaji keshavua koti. Hamad ananitazama. Kila mtu anasema uzee, uzee, masikini uzee. Nami nikamtazama yule mnyama, mbavu nje, nikasema moyoni, naam, ni uzee. Neno nilikuwa nalo ulimini. Mzee Faki akasema kwa sauti ndogo, "Kama n'wakati wake, basi asipate tabu," na sauti ile ndogo ndiyo iliyonifanya nipige magoti nimpime kama ninavyompima kijana.

Nikagonga ubavu wa kushoto. Ukalia kama ngoma. Nikainusa pumzi yake. Wallahi, fenesi! Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amejifungua kamba akala mafenesi yaliyoanguka na kuchacha, na sasa tumbo lilikuwa linachemka kama chungu cha ulevi. Tukatafuta mafuta ya nazi, tukamnywesha kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe sana yasije yakaingia mapafuni. Vijana wakamsukuma asimame, miguu ya mbele kwenye mwinuko, tukamfunga kijiti mdomoni atafune mate yatoke, mimi nikimkanda ubavu. Tukangoja. Kishindo akapiga mbweu ambayo naamini waliisikia hata Mkoani, upande wa pili wa kisiwa. Watoto wakakimbia, mchinjaji akavaa koti lake, na Mzee Faki akakaa chini akacheka huku anajifuta machozi kwa kikoi.

Kwa hiyo mkiitwa kwa mnyama mzee, gongeni ubavu kwanza. Uzee ni neno jepesi, kila mwenye uvivu analifikia. Nalo linaua.

Haikupita mwaka, mzee mwenyewe akalala. Hatoki, hali, anapumua kwa shida akienda msalani. Nilipokwenda kumwona, Hamad akanipokea mlangoni, uso umemshuka. "Ndo uzee, Bi Mize. Twamwombea tu."

"Mmemgonga ubavu?" nikamuuliza.

Akanielewa. Hamad hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Tukampeleka hospitali, na daktari kijana, mpole, akakuta damu imempungukia sana na tumbo limejaa minyoo ya shambani. Akamtibu, akamwongezea damu, na siku ya tatu mzee akaanza kugombana na chakula cha wodini. Daktari akamtania, "Mzee, kwani unataka kuishi miaka mingapi?"

"Mmoja zaidi ya ng'ombe wangu."

Daktari akanitazama mimi, akidhani homa imerudi. Nikamwambia, "Ndivyo ilivyo, mwanangu, mwandikie tu."

Akarudi nyumbani, akakuta Kishindo hana jino tena. Mwisho wa ng'ombe uko kinywani. Anaweza kuwa na moyo mzima, lakini majani hayakatiki. Mzee Faki akawa anamkatakata migomba laini kwa panga, anampikia pumba za mpunga na chumvi, anamlisha kwa mkono. Nikawafundisha kumgeuza ubavu huu na huu asipate vidonda, na kumpunguza kwato. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na siku nyingine nilikwenda bila sababu ya kazi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Hamad alinipigia simu, nikaja kwa pikipiki ya mpwa wangu, mgongo ukinilaani njia nzima. Kishindo alikuwa amelala kifudifudi, kidevu ardhini, ameelekea migombani. Mzee Faki kakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mkono kauweka kwenye nundu yake. Hamad kasimama nyuma na kisu kimezongwa kitambaa.

Nikapima kila nilichojua. Ubavu ulikuwa laini, hakuna ngoma. Masikio yalikuwa baridi. Hakuguna, hakuhangaika, jicho lilikuwa linanifuata, tulivu. Pumzi zilikuwa ndefu na zimeachana.

"Bi Mize, sema," Hamad akaniambia. "Afa huyu?"

Mzee Faki hakuniangalia. Nilikuwa nimemwahidi kunyamaza. Lakini nilimtazama Hamad, mtoto aliyemwona mamake akimnyonyesha dume lile kwa chupa, nikaona sitaki kumficha. Nikasema, "Anakufa, Hamad. Na hateseki."

Nilimwona akimtazama babake kisogoni, pale nywele zilipokuwa nyeupe tupu. Kisha akakizongoa kile kisu. Akapita mbele yetu, akaenda migombani, akakata jani moja kubwa, akarudi, akainama akamfunika Kishindo kichwa, maana jua lilikuwa linamwingia machoni. Akakaa chini kwenye vumbi karibu na babake, jani kalishika.

Tukakaa. Pumzi ikaja. Nikangoja, ikaja nyingine, fupi. Nikangoja tena, haikuja. Hakukuwa na kishindo chochote. Ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kuona ng'ombe wa Pemba anamaliza umri wake.

"Kumbe ndivyo," Mzee Faki akasema. Halafu akalia, nasi tukalia naye, na siwafichi, nilimlilia na Mzee Shaame, aliyekuwa ameshafariki, ambaye angetaka kuiona siku ile hata kutoka juu ya mpera.

Tukamzika, ikawa kichekesho cha kaskazini nzima. Watu waliuliza kama tulimkafini. Wengine walisema Faki kazika mchuzi wa kijiji. Mimi niliogopa jambo jingine. Mmewahi kusikia watu wakisema fulani kamfuata mwenzake. Nikafikiri, mzee kashinda, keshamzidi umri ng'ombe wake, sasa ana nini cha kungojea? Sikulala vizuri.

Asubuhi simu ikalia.

"Mize mwanangu, yule mtamba wa Hamad, binti yake Kishindo, kazaa dume juzi. Njoo unitazamie kama n'mzima."

"Mzee, ndama yule akitunzwa ataweza kuishi miaka mingi sana."

"Ndiyo," akasema. "Na miye n'shajua namna."

Akamwita Ngoja. Akamtunza kama alivyomtunza Kishindo, babu yake, na yeye mwenyewe akarudia habasoda, ndimu na mwendo wa jioni, na tukaendelea kuonana mpaka nikastaafu na zaidi. Hakumzidi huyu. Alilala mchana baada ya sala, hakuamka, na daktari yule yule alisema moyo ulisimama tu. Safari hii nilimwuliza Hamad kama waligonga ubavu. Akasema, "Tuligonga, Bi Mize. Hii n'ajali yake."

Hitimani kwake tulikula wali wa nazi na samaki. Mzee mmoja, mgeni wa mbali, akainua kichwa katika sinia. "Hitima ya Faki haina nyama?"

"Nyama iko bandani, yacheua," Hamad akamjibu. "Kula samaki, baba."

Baada ya hitima akamleta Ngoja kwangu kwa gari la mizigo. Baba kaacha wasia, akaniambia, umchukue weye, maana siye ndugu watatuzidi nguvu wamchinje siku ya harusi. Nikampokea. Mwanamke mwenye kiinua mgongo na magoti mabovu, nikawa mchunga dume.

Basi sasa mnajua kwa nini nazunguka uwanja. Wanangu wa kuzaa ni wema, wananipenda, na nimeshawasikia wakizungumza jikoni kwamba siku ya mama haitakuwa na shida, ng'ombe yupo. Nimewaambia hitima yangu iwe ya samaki. Wameitikia. Lakini mimi najua maneno ya maiti yanavyopungua nguvu sinia zikishaanza kuoshwa.

Nataka mmoja wenu, awe yeyote, wa kumchukua Ngoja nikitangulia mimi, aje Ijumaa baada ya sala. Nitamfunza kumshika mdomo, kumkatia migomba, kumgonga ubavu. Akimzoea, Ngoja atamfuata kama mtoto. Ayasome na meno ya Ngoja, ajue amefika wapi, ni kazi yake kujua. Mimi nimeacha kuyatazama. Akishayasoma asiniambie, aniulize tu kama leo nimetembea.